Maswali ya Wasomaji: Unyevu Katika Vijiti vya Kuchomelea

Tangu mvua za Desemba zilipoanza, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii kutoka Dodoma na mikoa ya jirani zinahusu jambo moja, ingawa kila mwandishi analieleza kwa namna yake: vijiti vya kuchomelea vinavyorusha cheche ovyo, vinavyoacha vitundu, au vinavyotoa kazi inayopendeza siku ya kwanza na kupasuka siku ya tatu. Nimechagua barua tano. Namwomba msomaji asome hata jibu la swali ambalo si lake, kwa sababu joto linaloponya kijiti cha aina moja huharibu kabisa kijiti cha aina nyingine, na hasara nyingi ninazoziona katika karakana zetu zinaanzia hapo.

Swali: Mwalimu, nina karakana ya mageti na madirisha hapa Kizota, Dodoma. Siku zote nasikia mafundi wa Dar es Salaam na Tanga wakilalamikia unyevu wa bahari, lakini sisi huku ni watu wa ukame. Kiangazi kizima vijiti vyangu vya E6013 vilichoma vizuri, ila tangu Januari vinaruka, vinapiga kelele, na mchomo unatoka na vitundu. Mashine ni ile ile na duka ni lile lile. Je, nimeuziwa vijiti vibovu?

Ndugu yangu, sidhani kwamba umeuziwa vijiti vibovu. Naona zaidi kwamba sifa ya ukame wa Dodoma imekufanya ulegeze ulinzi. Ni kweli mji wetu hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka mzima, kiasi ambacho pwani wangekiita ukame, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na katika miezi hiyo hewa ya usiku hubeba maji ya kutosha kabisa kuingia kwenye ganda la kijiti. Ganda lile ni unga wa madini ulioshikanishwa kwa gundi ya silikati, na ndani yake mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Hunywa unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa masika.

Hujaniambia unavitunza wapi, lakini karakana nyingi za Kizota ninazozifahamu hutumia kontena la chuma kama stoo. Siku moja mwezi wa Februari nilifungua kontena la namna hiyo saa kumi na moja alfajiri, nikapitisha kiganja kwenye ukuta wa ndani, kikarudi kimelowa kama nimekichovya majini. Bati lilikuwa limepoa usiku, mvuke wa mchana ukagandia juu yake, na matone yalikuwa yakidondoka kutoka darini juu ya makasha ya vijiti yaliyopangwa moja kwa moja sakafuni. Kufika saa nne asubuhi jua lilikuwa limekausha kila kitu, na mwenye kontena angeweza kuapa kwamba stoo yake ni kavu. Vijiti vilikuwa vimekwisha kunywa.

Kwa hiyo inua makasha kwenye kichanja cha mbao, sentimita kumi au zaidi kutoka sakafuni, na uyaache mbali kidogo na ukuta, kwa sababu sakafu ya saruji nayo hupandisha unyevu kutoka ardhini. Toboa matundu ya hewa juu na chini ya kontena. Fungua pakiti moja kwa wakati mmoja, na inayobaki jioni uifunge ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Anza kutumia za zamani kabla ya mpya.

Vijiti vya E6013, ambavyo ganda lake ni la rutili, yaani madini ya titani, havina makuu. Vikinyonya unyevu kidogo, vitandaze kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi kwa nusu saa hadi saa moja, au ufuate joto lililoandikwa kwenye pakiti kama ni tofauti, na vitarudi kuchoma kama kawaida. Jambo moja nakusihi uliache, kama unalifanya: kukibandika kijiti kwenye chuma na kukiacha hapo mpaka kiwe chekundu eti kikauke. Waya wa ndani hupata moto ghafla, ganda hupasuka na kuachia, na kijiti kinachobaki hakiwezi tena kulinda mchomo wako dhidi ya hewa.

Kabla hujaamua kwamba tatizo ni unyevu, fungua pakiti mpya, chukua kijiti kimoja humo na kimoja cha zamani, uchomelee vyote viwili kwenye kipande kimoja cha chuma kilichosafishwa, kwa ampia zile zile. Vitundu vikitokea kwa vyote, tafuta kutu, rangi, mafuta au zinki kwenye chuma chenyewe, au angalia kama unashika kijiti mbali mno na kazi.

Swali: Mimi ni fundi Singida mjini. Nilirekebisha shafti ya mashine ya kukamua alizeti kwa vijiti vya E7018, kwa sababu niliambiwa ndivyo vyenye nguvu. Pakiti ilikuwa imefunguliwa kama wiki mbili, ikiwa kwenye rafu. Mchomo ulitoka safi kabisa, gamba lililofunika mchomo lilibanduka lenyewe, hata mwenye mashine alinipongeza. Siku ya pili baada ya kuifunga, shafti ikapasuka, na ufa haukuwa kwenye mchomo bali pembeni yake. Nimerudisha fedha ya watu na sijui nilikosea wapi.

Pole sana, ndugu. Najua uzito wa kurudisha fedha ya kazi ambayo macho yako yalikwambia ni nzuri. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya mwanzo, nilichomelea chuma cha kuvutia tela la mahindi kwa vijiti vya aina hiyo hiyo vilivyolala wazi juu ya meza, na tela likachomoka barabarani siku ya tatu likiwa na gunia zake zote. Hakuna aliyeumia, lakini sijalisahau.

Jina la kijiti chako linaeleza mengi. Tarakimu 70 ina maana kwamba chuma kinachowekwa kinastahimili mvuto wa paundi 70,000 kwa kila inchi ya mraba. 1 ina maana kwamba unaweza kukitumia katika mikao yote. Na 8 ya mwisho inataja ganda, ambalo ni la jamii ya hidrojeni haba lenye unga wa chuma ndani yake. Neno haba ndilo la kushika. Kijiti hiki kimetengenezwa ili kisiingize hidrojeni kwenye mchomo, na ahadi hiyo inadumu pale tu ganda linapokuwa kavu. Kanuni ya Marekani ya vijiti hivi, AWS A5.1, hairuhusu maji kuzidi asilimia 0.6 ya uzito wa ganda kwa E7018 vipya. Ukikadiria kwa kijiti cha milimita 3.2, ni chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu, yaani tone dogo kuliko yale unayoyafuta usoni ukivua kofia ya kuchomelea.

Maji hayo yakiingia kwenye moto wa umeme huvunjika na kuachia hidrojeni. Chuma kilichoyeyuka huimeza kwa wingi, lakini chuma kikiganda na kupoa hakiwezi tena kuibeba yote, na kwa kuwa chembe zake ni ndogo sana, huanza kutembea ndani ya chuma kigumu. Inakokimbilia ni pale palipokakamaa, na katika kazi yako palipokakamaa ni pembeni mwa mchomo. Shafti kwa kawaida huwa na kaboni nyingi kuliko bapa au bomba la geti, na ukiichomelea ikiwa baridi, unene wake hunyonya joto haraka, na ukanda ulio kando ya mchomo unageuka kuwa mgumu na mkavu kama kioo. Ongeza hapo nguvu ya kuvuta inayobaki kila chuma kinapopoa na kusinyaa. Hidrojeni, ugumu na mvuto vikikutana, ufa huja, na huja chuma kikiwa kimekwisha poa, baada ya saa kadhaa au hata siku mbili tatu. Ndiyo maana wakaguzi wa majengo na madaraja ya chuma, kwa baadhi ya vyuma vigumu, hulazimika kusubiri saa 48 kabla ya kupima na kuupokea mchomo. Wewe uliukagua siku ile ile, na siku ile ufa ulikuwa bado haujazaliwa.

Sasa pima wiki zako mbili kwa kanuni nyingine, AWS D1.1 ya miundo ya chuma. Inasema kijiti cha hidrojeni haba kikishatoka kwenye chombo chake kilichofungwa kiwekwe kwenye oveni yenye joto lisilopungua nyuzi 120, na kikitoka humo kisikae hewani zaidi ya saa 4. Vile vyenye herufi R mwishoni mwa jina, ambavyo ganda lake limetengenezwa kustahimili unyevu, huruhusiwa saa 9. Ukiona H4 au H8 kwenye pakiti, hicho ni kikomo cha hidrojeni inayobaki huru katika mchomo, mililita 4 au 8 kwa kila gramu 100 za chuma kilichowekwa. Namba ikiwa ndogo, kazi ngumu kama yako iko salama zaidi.

Vijiti vilivyobaki kwenye ile pakiti vinaweza kuokolewa, lakini si kwa joto la kuchemshia maji. Fikiria chungu cha udongo. Ukikianika juani kinakauka, unakigonga kinalia, lakini ukikitia maji kinarudi kuwa tope, kwa sababu maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hayajatoka. Hutoka tanurini tu. Ganda la kijiti lina maji ya aina mbili vivyo hivyo: yale yaliyotua kwenye vinyweleo, ambayo huondoka upesi, na yale yaliyofungamana na gundi ya silikati, ambayo huachia kwenye joto kubwa sana. Kwa sababu hiyo kanuni hutaka E7018 vichomwe upya kwa nyuzi 260 hadi 430 kwa muda usiopungua saa mbili, na viwanda vingi huandika kwenye pakiti joto lao ndani ya mipaka hiyo. Fuata la kiwanda chako. Vitoe kwanza kwenye pakiti, vitandaze, viingize oveni ikiwa haijapita nusu ya joto unalolikusudia, uvisubirishe hapo nusu saa, ndipo upandishe. Ukivitupa vikiwa na maji kwenye oveni iliyokwisha kuwaka, mvuke utapasua ganda. Saa mbili huhesabiwa tangu oveni ifike kwenye joto lenyewe. Kazi hii hufanywa mara moja tu kwa kila kijiti. Kikikaa wazi tena kupita muda wake, kipeleke kwenye kazi zisizobeba mzigo.

Na hata kijiti kikavu hakitoshi kwa shafti. Ipashe moto kwanza, nyuzi 200 hivi au zaidi kulingana na unene na kaboni yake, chomelea ikiwa bado na joto hilo, kisha uifukie kwenye jivu kavu ipoe polepole hadi kesho yake. Joto la namna hiyo huizuia isikakamae na huipa hidrojeni nafasi ya kutoka.

Swali: Hapa Manyoni tuna friji bovu ambalo tumelifunga balbu ndani, na tunaweka humo vijiti vyote. Fundi mwenzangu anasema ni kazi bure. Nani kati yetu yuko sahihi?

Kila mmoja wenu ana sehemu yake ya ukweli. Friji bovu lenye balbu ni ubunifu ninaouheshimu, kwa sababu mlango wake unabana, kuta zake zinahifadhi joto, na balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyowekwa chini hupasha hewa kiasi cha kuzuia unyevu usitue. Kwa E6013 ni makazi mazuri. Hakikisheni balbu ni ile ya zamani ya waya, kwani hizi za LED hazitoi joto la maana, na mwache kitundu kidogo chini na kingine juu ili hewa yenye mvuke ipate njia.

Kwa E7018 mwenzako ana haki. Friji haliwezi kufika nyuzi 120, sembuse 300, na msijaribu kulilazimisha kwa kuongeza balbu au kuingiza koili ya jiko, kwa sababu ndani ya kuta mna plastiki na povu, na povu lile likiungua hutoa moshi wa sumu. Mnaweza kutengeneza kisanduku cha bati la kuta mbili, katikati mkajaza pamba ya kioo, mkafunga koili na kidhibiti joto, na waya wa kuingia ardhini usikosekane. Kipimajoto kiwe ndani, karibu na vijiti, maana namba za kwenye kitufe cha kidhibiti hudanganya. Oveni ya kupikia nyumbani siikubali hata kidogo: nyingi huishia nyuzi 250, na ganda la E7018 lina floridi, kitu ambacho hakistahili kukaa pamoja na mkate wa watoto.

Mkienda kuchomelea nje ya karakana, chukueni kikasha cha moto cha kubebea, ambacho umbo lake ni kama podo la mishale. Fundi hukichomeka kwenye umeme kando yake na huchomoa kijiti kimoja kimoja, kama mwindaji anavyofanya, badala ya kubeba fungu zima kwenye mfuko wa suruali yenye jasho.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi hapa Dodoma. Nilipewa zamu ya stoo nikaviweka vijiti vyote kwenye oveni ya joto kali, vikiwemo E6010. Sasa E6010 havichimbi, moto wake umelegea. Nimefanya kosa gani?

Marahaba, mwanangu. Kosa lako ni la bidii, na ni vizuri umeuliza mapema. E6010, pamoja na ndugu yake E6011, ganda lake ni la selulosi, ambayo asili yake ni mimea, na kijiti cha namna hii kinahitaji maji, asilimia 3 hadi 7 hivi ya ganda, ili kifanye kazi yake. Maji hayo pamoja na selulosi huungua na kutoa gesi nyingi inayousukuma moto uchimbe mpaka upande wa pili wa bomba. Ndiyo sababu mafundi wa mabomba hukitumia kwa mstari wa kwanza. Ulipokikausha, uliondoa nguvu hiyo, na selulosi yenyewe ikaanza kuungua. Ukiangalia ganda lake kwa karibu utaliona limegeuka rangi kuelekea kahawia iliyokolea.

Usijaribu kuvilowesha ili virudi. Mweleze mwalimu wako wa karakana, vifungwe pamoja na kuandikwa kwamba ni vya mazoezi ya kuwasha moto tu. E6010 hukaa ndani ya kopo lake, kwenye joto la kawaida la chumba, basi.

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Kibaigwa. Paa lilivuja usiku, na makasha sita ya vijiti yakalowa, mengine ya E6013 na mengine ya E7018. Kijana wangu anasema tuvianike juani juu ya bati siku mbili kisha tuviuze. Nifanyeje?

Mama, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuuza. Jua la Kibaigwa ni kali, lakini hata juu ya bati la mchana haliwezi kufika nyuzi 100, nawe umeona hapo juu kwamba E7018 vinataka mara tatu ya hapo. Kanuni ya AWS D1.1 niliyoitaja inakataza kabisa kutumia vijiti vya hidrojeni haba vilivyolowa maji, hata kama vitachomwa upya. E7018 vilivyoguswa na maji viondoe kwenye rafu. Wanunuzi wake ni watu wa matela, mashine za kusaga na majembe ya trekta, na kijiti kilichoanikwa kitawapa mchomo mzuri wa kuangalia na ufa wa siku ya tatu, kama ilivyomtokea ndugu yetu wa Singida.

E6013 vikague pakiti kwa pakiti, kwani mara nyingi maji hulowesha kasha la nje na kuishia kwenye nailoni. Pakiti ambayo nailoni yake haijatoboka na ndani ni kavu, ibadilishie kasha uiuze. Iliyoingia maji, chukua vijiti vitatu uvigonganishe karibu na sikio: vikavu hutoa mlio mwembamba wa chuma, vilivyolowa hutoa mlio mzito kama kuni mbichi. Angalia pia kama pana unga mweupe umechipuka juu ya ganda, au kama kutu imeonekana pale kwenye ncha isiyo na ganda. Chenye dalili mojawapo kati ya hizo usikiuze. Vilivyopata ubaridi tu, bila dalili hizo, mpatie fundi mwenye oveni avikaushe, kisha uviuze kwa bei ya chini ukimwambia mnunuzi kilichotokea, ili avipeleke kwenye fremu za madirisha na si kwenye ngazi watakayopanda watu.

Paa likishazibwa, weka rafu ya vijiti upande wa ndani wa duka, mbali na mifuko ya saruji na mlango, na kila kasha jipya liandike kwa kalamu tarehe lilipoingia, ili kijana wako ajue la kutoa kwanza hata siku ambayo wewe umekwenda mnadani.